Nguo za Chungwa Ngomeni Uskoti

Nilifunga safari kwa sababu ya rangi ya chungwa. Nasema mapema, msije mkadhani nilikwenda Ulaya kutembea. Mimi si mtu wa kutembea. Nina nyumba Bellevue iliyojaa wapangaji, nina cherehani zangu, na maji yakikatika mtaani ni jina langu linaloitwa koridoni. Shule niliiacha darasa la tatu kule Morogoro. Kila nilicho nacho nimekishona au nimekikaanga kwa mikono hii. Kwa hiyo nikiondoka nyumbani, jueni kuna jambo.

Jambo lilikuwa mwanangu wa kwanza, Jabu. Hapa Johannesburg alikuwa mtu wa kamba. Aliosha madirisha ya maghorofa ya Marshalltown, ananing'inia nje kama buibui, na mimi nikipita mtaa ule nilikuwa natazama chini. Baadaye kampuni moja ikamchukua Uskoti, kwenye mitambo ya mafuta baharini, kamba zile zile. Baba yake alipoanza kuumwa, Jabu alimwahidi kwa simu kwamba ataachana na kamba. Muda si mrefu kampuni ikafungwa. Jabu akasema amepata kazi kwenye ngome ya kale, juu ya jabali, ukingoni mwa bahari.

"Kazi gani?" nikamwuliza.

"Kazi tu, mama."

Kisha zikaanza kuja picha. Jabu mbele ya ukuta wa mawe. Jabu kwenye lango la chuma. Jabu kando ya kidirisha chenye nondo. Na kila picha amevaa nguo ile ile: suti ya rangi ya chungwa, juu mpaka chini, na kiunoni mshipi mpana unaoning'inia vyuma. Nyinyi mnaokaa nchi hii mnajua nani anavaa chungwa. Ukiona gari la serikali limesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, na nyuma kuna vijana wa chungwa wamekaa kimya, huulizi wanapelekwa wapi.

Mpangaji wangu Mama Furaha, msusi, mtu wa Bukavu, ndiye aliyelitamka. Alikuwa ananisuka jikoni, simu yangu iko mapajani.

"Maman, usikasirike," akasema. "Lakini hii iko prison."

"Ni ngome. Amesema ngome."

"Ngome ya nini? Angalia nguo. Angalia ile minyororo ya kiuno, iko ya kucheza nayo?" Akanigonga begani kwa kitana. "Na weye ulimwita kuzika baba yake, akasema nini?"

Nilimkumbuka alivyosema. Alisema: "Siruhusiwi kutoka sasa hivi, mama."

"Unaona? Mutu huru anaomba ruhusa kwa nani?"

Nilimwambia asuke anyamaze. Lakini toka siku ile nilikuwa silali.

Sasa mtauliza, hata kama kafungwa, mimi mzee niende kufanya nini? Sikilizeni. Marehemu mume wangu alikuwa Msauzi. Nilimpata Morogoro, wakati watu wao walipokuwa uhamishoni kwetu, na waliporuhusiwa kurudi nikamfuata. Kwa watu wake, mjane anavaa nyeusi mwaka mzima. Hakai kiti cha mbele kwenye gari, hasemi kwa sauti kubwa, haingii nyumba za watu ovyo, jua likizama yuko ndani. Mwaka ukiisha ndugu wanakusanyika, nyeusi inavuliwa na kuchomwa. Ila ukoo huu una sharti lake: kwanza mtoto wa kwanza apokee koti la baba kwa mkono wake na kulivaa. Asipolivaa, nyeusi inabaki mwilini.

Mwaka uliisha. Jabu hakuja. Nguo yangu ya kijani niliyojishonea kwa siku ile ikabaki imetundikwa nyuma ya mlango. Wajane wenzangu walishavua, wameanza hata kucheka ovyo kanisani, mimi bado nakaa viti vya nyuma kama mtu aliyekosa nauli.

Nikasema, eish, inatosha. Kama mtoto hawezi kuja kwenye koti, koti litakwenda kwa mtoto. Hata jela lina siku ya kutembelewa.

Uwanja wa ndege alinipeleka shemeji yangu wa Soweto, kaka wa marehemu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo. Yeye mbele, mimi nyuma na koti mapajani. Ni koti zito la sufu, kahawia. Mume wangu alilipata ujanani, enzi walipopelekwa kusoma nchi za baridi. Morogoro halikuvaliwa hata siku moja. Johannesburg lilivaliwa Julai tu, na hata Julai alitoka jasho.

"Ukimkuta, nipigie," shemeji akasema. "Majina ya ukoo nitayaita mimi. Usivue mpaka unisikie."

"Na nikimkuta kafungwa?"

"Hata jela wataruhusu koti."

"Wewe ulipolala ndani zamani za makaburu, waliruhusu koti?"

Akaongeza sauti ya redio mpaka tukafika.

Kwenye ndege sikumwamini mtu. Sanduku lenye nguo yangu ya kijani nililipeleka chini, koti nikabaki nalo mkononi. Walipotaka kulipitisha kwenye mashine nilisimama upande wa pili nikilingoja kama mama anayengoja mtoto kutoka shule. London, kijana wa pasipoti aliniuliza nimekuja kufanya nini. Kiingereza changu nimekipata kwenye meza ya kuuzia magwinya, maandazi ya huku, hakina mapambo. Nikamwambia, "See my son." Akauliza mwanangu anafanya nini. Nikasema, "He is in castle." Akatabasamu, akagonga muhuri. Nikajiambia, hawa watu wanacheka matatizo ya watu.

Aberdeen ni mji wa mawe ya kijivu. Nyumba kijivu, barabara kijivu, mbingu nayo imejiunga. Jabu alikuwa ameandika kwamba yuko kazini, atakuja mtu anayeitwa Morag kunipokea. Nikatafuta. Nikaona mama wa Kizungu wa rika langu, mfupi, mpana, nywele nyeupe zimekatwa kama za mwanajeshi, viatu vya matope mpaka magotini, ameshika kipande cha boksi kimeandikwa MAMA JABU. Nikatazama kiunoni. Shada la funguo. Funguo kubwa za chuma, zile za kufungia mtu.

Nikasema moyoni: ndiye huyu. Wamenitumia mkuu wa jela mwenyewe.

Alinifungulia mlango wa mbele wa gari. Mimi nikafungua wa nyuma nikaingia. Alinitazama, akafunga wa mbele taratibu, akazunguka kwenye usukani. Njiani nilijaribu kumpeleleza.

"Jabu is good?"

"Aye," akasema, ndiyo ya kwao.

"He eats?"

Akacheka kicheko kifupi. "Aye, he eats."

"He sleeps where?"

"Kwangu," akasema, kwa lugha yake.

Nikakaza koti mapajani. Tulipita mashamba ya shayiri na kondoo wengi kuliko watu. Upepo ulikuwa unalisukuma gari pembeni. Jua lilikataa kuzama kabisa. Kwetu saa za kula zilishapita, kule bado mchana. Mjane wa nyeusi atajuaje saa ya kuingia ndani nchi kama ile?

Tulifika pale barabara inapoishia. Nikaiona Ngome. Jina lake ni refu na limejaa makohozi, mimi nitaiita Ngome tu. Mfikirie mwamba mkubwa umesimama baharini, umeshikamana na nchi kavu kwa shingo nyembamba. Pande tatu ni jabali lililokatika wima mpaka kwenye maji, na juu yake kuta, minara, madirisha, na hakuna paa hata moja. Bellevue nyumba ya namna hiyo huiiti nyumba, unaiita kiwanja. Njia inashuka kwanza mpaka karibu na mawimbi, kisha inapanda ngazi za mawe mpaka kwenye lango la chuma. Lango moja. Nilihesabu hata mimi nisiyejua hesabu. Moja.

Hapo ndipo nilipoinua macho nikamwona. Mtu wa chungwa, ananing'inia kwenye kamba katikati ya jabali, miguu hewani, bahari chini yake.

Sikulia. Mimi silii mbele ya watu nisiowajua. Ila nilikaa chini pale pale kwenye majani, koti kifuani. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo mjane haruhusiwi kuitoa: "Wamemtundika mwanangu!"

Morag hakuelewa neno, lakini aliweka vidole mdomoni akapiga mluzi ambao nadhani ulisikika Morogoro. Yule wa chungwa akageuza kichwa.

"Mama!" akapaza sauti, anapunga mkono. "Mama, ngoja, nakuja!"

Na akaja. Alipanda kamba ile kama kima, akapotea juu ya ukingo, na kabla sijamaliza kuinuka namwona anashuka ngazi mbio, vyuma vya kiunoni vinalia. Alinishika, akaninyanyua, mimi mtu mzima na uzito wangu. Alikuwa amenona. Shingo imejaa, mabega yamekuwa milango. Nilimnusa. Ananuka chumvi na majani, hanuki jela.

Lakini sikuridhika. Watu huvalishwa vizuri siku ya wageni. Nikajitoa mikononi mwake.

"Lango lile pale," nikamwambia. "Ingia ndani."

"Mama?"

"Ingia. Haya. Sasa toka. Njoo mpaka kwenye gari. Usinitazame mimi, nenda tu."

Akaenda, anageuka geuka kama mtoto anayepimwa nguo. Aliingia, akatoka, akanipita, akapanda njia mpaka kwenye gari, akaligonga bodi, akarudi. Mimi sikumtazama yeye. Nilimtazama Morag. Hakusogea. Hakushika hata funguo. Alikuwa anakuna pua.

Hakuna aliyemfuata.

Hapo nilipumua. Nilipumua mpaka nikasikia mbavu zinauma, nikajua muda wote ule kumbe nilikuwa navuta hewa robo robo.

"Hujafungwa," nikasema.

"Nifungwe? Hawu, mama! Nani kakwambia nimefungwa?"

"Nguo yako. Na mdomo wako. Ulisema huruhusiwi kutoka."

Jabu huwa ananielewa Kiswahili lakini ananijibu Kiingereza, ndivyo walivyo watoto wetu waliozaliwa Johannesburg. Siku ile alijikongoja kwa Kiswahili mpaka mwisho, na mimi sikumsaidia. Akanieleza. Kampuni ya kwanza ilipofungwa, karatasi zake za kukaa zilibidi zibadilishwe jina la mwajiri. Ziko ofisini kwa watu wa uhamiaji. Akivuka mpaka kabla hazijajibiwa, maombi yanahesabika yamefutwa, anaanza upya akiwa nje. Ndio maana hakumzika baba yake. Ndio maana hakuja mwaka ulipoisha.

Ninyi wa Bellevue hamhitaji kuelezwa. Nusu ya nyumba yangu inaishi na karatasi ya namna hiyo. Mama Furaha mwenyewe, dada yake alizikwa Bukavu yeye yuko hapa anasuka watu, kwa karatasi hiyo hiyo. Ila hakuna aliyewaza kwamba Wazungu nao wanazo.

"Kwa nini hukusema hivyo?"

Akatazama vyuma vyake. "Ungeuliza kazi gani. Ningesema kamba. Baba nilimwahidi. Ningekwambia natundikwa tena, ungelala?"

"Nisingelala. Lakini nilikuwa silali hata hivyo, kwa hiyo ungenipa sababu ya kweli."

Na ile chungwa? Upepo wa pale, ukungu ukishuka mtu haonekani. Chungwa ndiyo inayoonekana. Wanaonekana wakining'inia, na wakianguka wanaonekana majini. Hivyo alivyoniambia, kavu kavu, nami nilipendelea kavu kavu.

Usiku ule tulilala kwa Morag, nyumba ya mawe kijijini. Nilisita mlangoni, maana mjane haingii ovyo. Jabu akamweleza Morag habari ya nyeusi, na kiti cha mbele. Morag akajipiga paja.

"Anasema alidhani umemfanya dereva wa teksi," Jabu akatafsiri.

"Mwambie mimi nilimfanya askari jela."

Morag alicheka mpaka akakohoa. Kumbe funguo ni za Ngome na mabanda ya bustani. Yeye ndiye msimamizi wa viwanja vyote, na Jabu amepanga chumba kwake. Mwenye nyumba kama mimi! Nilimkagua jiko. Safi. Nikamwuliza alipofiwa na mume alivaa nyeusi muda gani.

"Siku ya mazishi," Jabu akatafsiri. "Kesho yake alirudi kukata majani. Anasema majani hayajui msiba."

Kila mtu na nyumba yake.

Asubuhi walinitembeza Ngome, nami nawaandikia nilivyoiona, maana sasa nilikuwa na macho. Jana yake sikuwa nayo.

Ukipita lango unaingia kwenye njia ya chini ya mwamba, giza, na juu kuna matundu. Adui akiingia hapo anamiminiwa mambo. Ukitokeza, unakuta uwanja mpana wa majani yaliyokatwa laini kama zulia, na majumba yaliyobomoka kuuzunguka. Morag anatembea mbele anasema, Jabu anatafsiri, mimi nauliza.

Ngome ilijengwa na ukoo mmoja wa mabwana, karne nyingi zilizopita. Baba akajenga mnara, mwana akaongeza ghala, mjukuu akaongeza vyumba vya wageni, kitukuu akaongeza deni. Niliona vile vyumba, vimepangwa mstari mmoja, kila kimoja na mlango wake na jiko lake la ukutani. Nikamwambia Jabu, huyu bwana alikuwa mwenye nyumba wa Bellevue. Kuna tanuri la mikate unaloweza kuingia ukasimama. Kuna banda la mhunzi. Kuna bwawa la mviringo la kukinga maji ya mvua, na hilo nililitazama sana. Watu wa kale wasio na umeme walijua uweke maji yako mwenyewe, usimngoje mtu. Mimi tangi langu la jojo nililinunua baada ya kuteseka. Wao walilichimba mwanzo.

Walizingirwa mara moja na jeshi. Mizinga ikapigwa miezi, kuta zikashika. Walikula farasi, wakala njiwa, wakala ngozi za viatu. Mwishoni lango lilifunguliwa na njaa, si mzinga. Hilo naliamini. Nimeona njaa ikifungua milango migumu zaidi.

Baadaye ukoo ulikosana na mfalme, wakafukuzwa. Hapo wakaja wauzaji. Wakang'oa paa lote, madini ya risasi na mbao, wakauza. Kama vile maghorofa yetu ya mjini yanavyong'olewa mabomba na nyaya. Kilichobaki wanakijiji wakakimaliza, wakabeba mawe kujengea. Juu ya meko ya Morag lipo jiwe moja lenye ua la kuchongwa. Nilimwuliza limetoka wapi. Akatazama dari.

Mwisho walinipeleka kwenye chumba cha chini, kirefu, sakafu ya matope, na kidirisha kimoja kinachotazama bahari. Ndicho kile cha nondo, kilichokuwa kwenye picha. Hapo, Morag alisema, waliwahi kufungwa watu wengi, wanaume kwa wanawake, kwa sababu walikataa kusali namna mfalme alivyotaka. Hawakuwa na nafasi ya kulala. Wakati ule nondo hazikuwepo. Baadhi walipita kidirishani usiku wakajaribu kushuka jabali. Wengine walifika chini. Wengine walianguka.

Kwa hiyo mimi na Mama Furaha hatukukosea kabisa. Jela lilikuwepo.

Nilichungulia kidirishani, nikarudi nyuma haraka.

"Hapa ndipo nilipokuwa jana," Jabu akasema. "Mizizi inaingia kwenye ukuta inausukuma, mimi nang'oa. Nateremka njia ile ile waliyoteremka wao, mama. Lakini wao hawakuwa na kamba. Mimi ninazo mbili, na fundo la juu Morag analikagua kwa mkono wake kila asubuhi, hata akiwa na homa."

Nikamtazama Morag. Alikuwa anaokota karatasi ya pipi aliyoitupa mtalii, anasonya.

"Zile picha," nikasema, "nani alikuwa anapiga?"

"Morag. Analazimisha. Anasema mama yako ataka kukuona."

Nikatafuta neno la Kiingereza la kumwambia, sikulipata, nikampokea takataka mkononi nikaibeba mimi.

Simu pale haishiki, jabali linazuia. Ndio maana Jabu alikuwa akipiga kwa kudonoa. Inashika mahali pamoja tu, kwenye banda la njiwa, nyumba ya mawe ya mviringo nje kidogo ya kuta, walikofugia njiwa wa kula. Mchana ule tulikwenda huko watatu. Jabu alivua jaketi la chungwa, akabaki na shati. Nikampigia shemeji.

"Umemwona?" akauliza kabla ya salamu.

"Yupo hapa."

"Jela?"

"Bustanini. Na amenona."

Nikasikia anapumua, Soweto mpaka Uskoti. Akasema nishike simu juu. Nikaishika juu. Sauti yake ikatoka, kubwa, inaita majina ya ukoo mmoja baada ya mwingine, wazee wasiojua hata Uskoti iko upande gani, na mjue, njiwa wa mwituni walioko kwenye mashimo ya ukuta walinyamaza. Alipomaliza nilimpa Jabu koti kwa mikono miwili. Akalipokea kwa miwili. Akalivaa.

Nilikuwa na hofu moja sikuwaambia. Baba yake alikuwa mtu mkubwa, na Jabu aliondoka nyumbani mwembamba kama ufito. Nilidhani litamvaa yeye. Lakini yale mabega ya kamba yalilijaza. Akafunga vifungo mpaka shingoni, na upepo ule wa bahari ukampiga, na kwa mara ya kwanza nikaliona koti lile linafanya kazi yake.

"Linamtosha?" shemeji akauliza.

"Linamtosha. Na hatoki jasho."

Nikasikia mtu mzima anapenga kamasi. Kisha akasema, "Sasa vua, dada yangu. Pumzika."

Niliingia banda la njiwa nikiwa mjane, nikatoka na nguo yangu ya kijani. Kiunoni imenibana kidogo, nitailegeza. Morag alikuwa na pipa la chuma la kuchomea matawi. Nyeusi yangu tuliitia mle: gauni, shali, kitambaa cha kichwa. Moto ulikataa, unyevu wa nchi ile mbaya. Akaleta miiba mikavu ya kichaka chao cha maua ya njano, ikashika kwa kishindo. Hakuna aliyemwelekeza Morag, lakini moto ulipopanda alivua kofia yake, akasimama nayo kifuani mpaka nyeusi yote ikawa majivu. Tena yeye mtu wa siku moja ya msiba.

Hapo ndipo nilipogundua nimesimama kwenye upepo wa Uskoti na nguo ya mikono mifupi, na mwanangu koti, kwa desturi ya ukoo, hawezi kulivua siku ile. Natetemeka, meno yanagongana. Morag akachukua lile jaketi la chungwa akanivalisha, akanifunga zipu kama mtoto, akatusogeza ukutani, akachukua simu yangu, akapiga. Picha ile niliituma pale pale kwenye kundi la simu la wapangaji wangu. Mama Furaha alijibu kwa ujumbe wa sauti, nilimsikiliza mara kadhaa:

"Maman! Na weye bamekufunga?"

Siku ya kurudi, Morag alinifungulia mlango wa nyuma, ameinamisha kichwa kama dereva wa mabwana. Nikaufunga nikakaa mbele. Jabu alikaa nyuma na koti lake. Uwanjani alinisindikiza mpaka pale penye kizuizi, akasimama. Hapo ndipo mwisho wa kamba yake kwa sasa. Karatasi bado hazijajibiwa, sitawadanganya. Lakini nililala kwenye ndege toka London mpaka Johannesburg, mdomo wazi, na mhudumu akanifunika blanketi.

Nilichojifunza ni hiki. Sote kwenye zile picha tulitazama chungwa, tukatazama kuta, tukatazama vyuma. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni nani aliyeshika simu. Picha haijipigi. Mtu aliyesimama upande huu, akamwambia mwanangu simama vizuri mama yako akuone, ndiye aliyekuwa jibu, na sisi tulimkosa kwa sababu hayumo.

Picha ya mwisho nimeitoa kwenye karatasi kubwa, nimeitundika koridoni karibu na swichi. Jabu na koti la baba yake, mimi na jaketi la chungwa, nyuma yetu ukuta wa mawe. Wapangaji wapya wakiiona wananiuliza nilifungwa kwa kosa gani. Nawaambia: tazameni meno. Mfungwa hacheki hivyo.